Mpira Laini na Misuli ya Umeme: Taifa Lianzie Wapi?

Neno "mpira" lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mpira ni mchezo, ni mti, ni utomvu, ni bomba la kumwagilia bustani, na ni ile dutu yenyewe inayovutika. Tangini, Kibaha, kama ilivyo katika kila mtaa wa nchi hii, fundi wa pancha hukata tyubu iliyochakaa ikawa kamba ya kufungia mizigo, na mtoto huomba kipande akatengenezea manati. Wote wawili waijua sifa kuu ya dutu hiyo: huvutika, kisha hujirudi. Lisilojulikana na wengi ni kwamba sifa hiyo hiyo, ikisanifiwa kwa makini, yaweza kugeuza umeme kuwa mwendo bila ya mota, bila ya gia na bila ya pampu ya mafuta. Vifaa vya namna hiyo wataalamu huviita misuli bandia.

Yapo maoni mawili yanayosikika kila inapotajwa elimu ya aina hii. Wa kwanza husema kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri, na kwamba nchi yenye upungufu wa dawa na madawati haina haja ya kujishughulisha na misuli ya umeme. Wa pili husema kwamba vifaa hivyo vikikamilika huko vinakotengenezwa, vitanunuliwa kama vinavyonunuliwa vingine. Rai inayotolewa hapa inatofautiana na zote mbili. Mlango wa Tanzania kuingilia elimu hii upo wazi, na mlango wenyewe ni ule mto laini unaokaa kati ya kigutu cha mtu aliyekatwa mguu na mguu wake wa bandia. Mto huo na msuli wa umeme ni watoto wa dutu moja. Atakayejifunza kuutengeneza na kuupima mto atakuwa amekwisha kujifunza nusu ya msuli.

UMEME UNAVYOUKAMUA MPIRA

Mwaka 1880 mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Röntgen, yule yule aliyekuja kugundua miali ya eksirei mwaka 1895, aliuning'iniza ukanda wa mpira wa asili, akaufunga uzito kwa chini, kisha akautia chaji za umeme. Ukanda ulirefuka, chaji zilipoondolewa, ulirudi. Kwa zaidi ya karne moja jambo hilo lilibaki kuwa kioja cha maabara. Mwaka 2000 Ron Pelrine na wenzake wa taasisi ya SRI International, huko California, walitangaza katika jarida la Science kwamba tando nyembamba za silikoni na akriliki ziliweza kutanuka kwa zaidi ya asilimia 100 kwa nguvu ya umeme peke yake. Tangu hapo kioja kikawa tawi la uhandisi.

Kanuni yenyewe si ngumu. Utando mwembamba wa mpira hupakwa pande zote mbili unga wa kaboni uliochanganywa na grisi, ili kila upande uwe elektrodi inayonyumbuka. Upande mmoja ukiunganishwa na chanya na wa pili na hasi, chaji hizo huvutana na kuukamua utando uliomo katikati, kama donge la unga chini ya mti wa kusukumia chapati. Kwa kuwa ujazo wa mpira haupungui, unene unaopotea hapana budi utokee kama upana. Chaji zikiondolewa, utando hurudi ulivyokuwa.

Nguvu ya ukamuaji huo yaweza kukokotolewa. Chukulia utando wenye unene wa mikromita 50, yaani sehemu 1 ya 20 ya milimita, unaopewa volti 2,500. Ikiwa uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni mara 3 ya ule wa ombwe, utabanwa kwa kanieneo ya paskali 66,000 hivi, ambayo ni karibu theluthi mbili ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Kwa mpira ambao ukinzani wake dhidi ya kuvutwa ni paskali milioni 1, kanieneo hiyo hupunguza unene kwa asilimia 6 au 7 tu. Mwendo huo ni mdogo mno kwa kidole cha bandia.

Njia za kuukuza mwendo ni tatu. Ya kwanza ni kuukondesha utando: wenye unene wa mikromita 10 huhitaji volti 500 tu ili kupata kanieneo ile ile, ila tundu dogo au chembe ya vumbi hutosha kuuharibu. Ya pili ni kuiongezea dutu uwezo wa kuhifadhi chaji, mathalani kwa kuitia unga wa madini fulani. Lakini unga huo aghalabu huifanya dutu iwe ngumu zaidi, na faida ikaliwa na hasara. Ya tatu ni kuifanya dutu iwe laini. Hapo ndipo usanifu wa molekuli unapohitajika.

ULAINI SI UDHAIFU

Yaonekana rahisi kuufanya mpira uwe laini. Kumbe sivyo. Mpira ni mkusanyiko wa molekuli ndefu mno, zilizotatana kama tambi katika sufuria. Katika tairi au tyubu minyororo hiyo huunganishwa kwa salfa na moto, utaratibu aliougundua Charles Goodyear mwaka 1839. Viungo vya salfa vikipunguzwa, mpira hulainika, lakini si bila kikomo, kwa sababu kule kutatana kwenyewe kwaishikilia minyororo. Ndiyo maana mpira wa kawaida ulio mkavu ni vigumu kuushusha chini ya ukinzani wa paskali 100,000 hivi. Ukilazimishwa zaidi ya hapo, huacha kuwa mpira ukawa ulimbo: huvutika lakini haurudi.

Ufumbuzi ulitokana na mnyororo wa aina nyingine. Mwaka 1956 mkemia Michael Szwarc alionyesha namna ya kukuza polima ambazo ncha zake hubaki "hai", yaani tayari kupokea viungo vipya hata vya dutu tofauti. Kwa njia hiyo mnyororo mmoja uliweza kujengwa kwa bloku tatu zilizofuatana, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Shell ilikuwa ikiziuza kopolima za bloku kwa jina la Kraton. Ncha mbili za mnyororo huo ni polistirini, ile plastiki ngumu na angavu inayotengenezewa mabomba ya kalamu. Katikati ni mpira. Na katika aina mojawapo sehemu hiyo ni poli-isoprini, ambayo kikemia ni ndugu wa damu wa utomvu wa mpira wa asili.

Ncha ngumu na sehemu laini hazipatani, kama maji na mafuta. Lakini kwa kuwa zimefungwa katika mnyororo mmoja, haziwezi kuachana. Basi ncha hukimbiliana na kujikusanya katika vifundo vidogo vyenye upana wa makumi ya nanomita tu, na vifundo hivyo huishika minyororo yote kama mafundo yanavyoushika wavu wa mvuvi. Hapana salfa wala uunguzaji. Dutu ikipashwa moto wa kutosha, vifundo hulegea nayo ikamiminika katika kalibu. Ikipoa, vifundo hushika tena. Mabaki ya leo yaweza kuwa mali ghafi ya kesho.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Yapo mafuta ya madini yanayopenda kuingia katika sehemu ya mpira lakini huziepuka ncha ngumu. Yakichanganywa kwa kipimo, wavu hufura, minyororo huachana nafasi, na dutu huwa laini kama jeli ilhali mafundo yake yangali imara. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walionyesha kwamba jeli za namna hiyo ziliweza kutanuka eneo kwa zaidi ya asilimia 200 kwa umeme.

Hata hivyo ulaini peke yake ni hatari. Utando ukikondeshwa na umeme, volti zile zile sasa zapita katika unene mdogo zaidi, hivyo mkamuo huongezeka, nao utando hukonda tena. Unene ukipungua kwa theluthi hivi, mpira wa kawaida hushindwa kujizuia, ukaporomoka na kutobolewa na umeme. Msuli mzuri, kwa hiyo, watakiwa uwe laini mwanzoni na mgumu mwishoni. Ndewe ya sikio ni mfano ulio karibu: huvutika kwa wepesi, kisha ghafla hukataa. Watafiti wa awali waliipata tabia hiyo kwa kuuvuta utando na kuukaza katika fremu kabla ya kuutumia, lakini fremu ni mzigo. Kati ya mwaka 2016 na 2018, kundi la Sergei Sheiko, katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, lilionyesha njia ya kuiingiza tabia hiyo ndani ya molekuli yenyewe. Mnyororo wa kati hujazwa minyororo mifupi pembeni mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Brashi hazitatani, kwa hiyo ukinzani hushuka hadi maelfu machache ya paskali, na hata chini yake, bila ya tone la mafuta. Na zikipewa ncha ngumu huwa laini kwa kuguswa na ngumu kwa kuvutwa, kama ngozi ya kiumbe hai.

Katika habari hiyo yote hakuna mahali ambapo ulaini ulipatikana kwa kulegeza tu. Kila mara ulitokana na mpangilio. Huo ndio msingi wa elimu hii, nao waweza kufundishwa popote penye walimu na vipimo.

MTO KABLA YA MSULI

Kibaha imekaa juu ya Barabara ya Morogoro, njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda bara, na Hospitali ya Tumbi hupokea majeruhi wengi wa ajali za njia hiyo. Wengine huingia na viungo vyao na kutoka wamevipoteza. Na ugonjwa wa kisukari nao huongeza idadi ya wanaokatwa miguu. Kwa watu hao habari ya mkono wenye misuli ya umeme ni habari ya mbali. Misuli hiyo bado ipo zaidi katika maabara: nguvu yake ni ndogo, volti zake ni kubwa, na maisha yake ni mafupi. Kumwahidi mgonjwa vidole vya namna hiyo leo ni kumdanganya.

Lakini mtu aliyekatwa mguu ana shida nyingine iliyo karibu zaidi. Mguu wa bandia hushikwa mwilini kwa soketi, yaani ganda gumu linalovishwa kigutu. Uzito wote wa mwili hupita hapo. Ngozi ya kigutu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Hukwaruzwa, hutoka malengelenge, hufanya vidonda, na mwisho mwenye mguu huuacha nyumbani akarudia magongo. Kinga iliyo bora ni soksi nene ya jeli inayovaliwa kati ya ngozi na soketi. Na soksi nyingi za namna hiyo zatengenezwa kwa silikoni, au kwa kopolima za bloku zilizofurishwa na mafuta ya madini, yaani jeli za ukoo ule ule uliotanuka asilimia 200 katika maabara ya North Carolina.

Huo ndio uhusiano ambao haujatiliwa maanani. Anayetaka kujua kama jeli itafaa kuwa mto hana budi ajue ukinzani wake, kiasi inachorudi baada ya kuvutwa mara elfu nyingi, kama mafuta yake huvuja, na namna joto na jasho vinavyoidhuru. Anayetaka kujua kama jeli itafaa kuwa msuli huuliza maswali hayo hayo, kisha huongeza moja: ni volti ngapi itazistahimili kabla ya kutobolewa? Maswali manne ya kwanza hayahitaji mitambo ya fahari. Yahitaji tanuri lenye kipimajoto, mizani, rula, uzito wa kuning'iniza, daftari na uvumilivu wa miezi. La tano lahitaji chanzo cha volti kubwa chenye mkondo uliowekewa mpaka, na mtaalamu aliyefunzwa kukitumia.

Tena maswali hayo hayajibiwi sawasawa kila mahali. Jeli iliyopimwa katika chumba chenye ubaridi wa Ulaya haikupimwa kwa ajili ya mtu atembeaye mchana wa Februari katika Mkoa wa Pwani. Vifundo vya polistirini huanza kulegea kabla ya kufika nyuzi 100 za sentigredi, na mzigo wa siku nyingi katika joto waweza kuibadili jeli umbo pole pole. Unyevu wa pwani hupunguza uwezo wa utando kustahimili umeme. Na kopolima ambazo sehemu yake laini ni poli-isoprini huliwa na oksijeni na ozoni, kama tyubu ionyeshavyo nyufa ikiachwa juani. Zile zilizotiwa haidrojeni hustahimili zaidi. Maarifa ya jinsi vitu hivi vinavyoishi katika joto na unyevu ni bidhaa adimu, na Tanzania yaweza kuyatoa.

UTOMVU ULIOKWENDA

Historia yaonya dhidi ya kungoja. Katika karne ya 19 misitu ya pwani ilitoa mpira wa porini kutokana na mitambazi ya Landolphia. Mmojawapo huitwa hadi leo Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja. Wajerumani walipanda mpira wa Ceara kutoka Brazili. Bei ilipanda sana mwaka 1910, na kufikia mwaka 1913 mashamba ya Asia yalikuwa yameiangusha. Baada ya Uhuru Taifa lilijaribu kuufunga mnyororo: kiwanda cha General Tyre kilianzishwa Arusha mwaka 1969, na mashamba ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yakalimwa mpira. Kiwanda kiliacha kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 2000. Katika safari hiyo ndefu utomvu uliondoka na tairi likarudi. Elimu ya kilichotokea kati ya utomvu na tairi ilibaki kwa wengine.

Ila historia hiyo ina sura ya pili. Mpira wa Ceara ulioshindwa sokoni ni jamaa wa muhogo. Kuanzia miaka ya 1930, katika kituo cha Amani, Usambara, H. H. Storey na wenzake waliuchavusha na muhogo ili kupata mbegu zenye ukinzani dhidi ya ugonjwa wa batobato, na vizazi vya kazi hiyo viliusaidia muhogo wa Afrika hadi Nigeria. Mti uliokuwa hasara kwa mfanyabiashara ukawa hazina kwa mtafiti, kwa sababu kituo kilikuwapo na watu wenye kupima walikuwapo.

KAZI INAYOWEZEKANA KIBAHA

Kibaha si mahali pageni kwa jambo kama hili. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, uliokusudia kuweka elimu, afya na kilimo mahali pamoja. Hospitali ya Tumbi yenyewe ilikulia ndani ya shirika hilo. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo. Kiwanda cha viuadudu vya viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kilizinduliwa mwaka 2015. Jirani, katika Wilaya ya Kisarawe, kuna udongo mweupe wa Pugu, kaolini, ambayo hutumika kama kijazo cha mpira. Na kaolini iliyochomwa hutiwa katika mpira wa kuhami nyaya za umeme. Na huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981.

Lililopungua ni chumba kimoja cha kuviunganisha. Katika chumba hicho chembe za kopolima na mafuta, ambazo hununuliwa kwa kilo, zingeyeyushwa na kumiminwa kuwa soksi za jeli. Mafundi waliofunzwa Moshi wangezivisha. Wagonjwa wangezivaa na kueleza ziliumizapo. Na kipande cha kila jeli kingebaki ukutani kikining'inia na uzito wake, kikipimwa kila juma. Mwanafunzi wa sekondari angeweza kuifanya kazi hiyo ya kupima na kuielewa. Baada ya miaka michache chumba kingekuwa na daftari la tabia za jeli katika hali ya pwani, na vijana wenye mikono iliyozoea dutu laini. Hao ndio wangekuwa tayari kwa swali la tano, la volti.

Atatokea wa kuuliza: malighafi zenyewe si zatokana na petroli, ambayo nchi haina? Ni kweli, na gesi ya Songo Songo, ambayo karibu yote ni methani, si mbadala wa moja kwa moja. Lakini aliyeshona nguo hakuanza kwa kufuma kitambaa. Tena utomvu wa Kihuhwi hauko nje ya elimu hii: mpira wa asili waweza kutiwa oksijeni katika viungo vyake, ukapata uwezo mkubwa zaidi wa kuhifadhi chaji, na Malaysia tayari huuza mpira wa aina hiyo. Mwingine atasema kwamba hospitali ina haja kubwa zaidi ya damu na dawa. Hilo halipingwi. Lakini mgonjwa aliyeokolewa kwa damu na dawa, kisha akafungiwa nyumbani na kidonda cha kigutu, ameokolewa nusu. Na nusu iliyobaki ni kazi ya sayansi ya vitu.

Yapasa, kwa hiyo, wenye dhamana ya utafiti waache kuliuliza Taifa kama liko tayari kwa misuli ya umeme. Swali la leo ni dogo na lina jibu: nani atakayeipima jeli ya kwanza Kibaha, na lini? Mwenye kigutu hawezi kungoja msuli ukamilike ng'ambo. Mto wake waweza kuanza kumiminwa sasa, na atakayeumimina atakuwa ameushika uzi ambao upande wake wa pili ni ule msuli.